Mtwara Inastahili Tamasha Lake la Vitabu

Mwaka 1907 Mjerumani mmoja aitwaye Carl Velten alichapisha Berlin mkusanyiko wa maandishi ya Waswahili, nathari na mashairi. Kitabu kinaitwa Prosa und Poesie der Suaheli. Jina ni la Kijerumani, ila ndani mna Kiswahili cha wenyewe, na humo zimo habari za kale za miji ya pwani yetu: Kilwa, Lindi, Sudi, Mikindani. Nani alitangulia kufika, nani alitawala baada ya nani, wenyeji wa pwani walielewana vipi na watu wa bara. Wazee wa kusini walisimulia, kalamu ikaandika, kikachapwa kitabu.

Nimewahi kuwauliza watoto wa Sudi wakitoka shule kama wanajua kwamba kijiji chao kimo kitabuni zaidi ya miaka mia sasa. Sijampata hata mmoja anayejua. Walimu wao pia walishangaa.

Nalisema hili kwanza kwa sababu kila tunapozungumza habari ya tamasha la fasihi hapa Mtwara, jibu huwa lilelile: kusini hakuna waandishi, wasomaji hawapo, na vitabu vyenyewe mpaka vitoke Dar. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nimesomesha huku, na jibu hilo silikubali. Kusini ina fasihi nyingi, ya kalamu na ya mdomo. Inachokosa ni siku ambazo mtoto, mama yake, babu yake na mwalimu wake wanakaa mahali pamoja kwa ajili ya fasihi hiyo, bila mtihani na bila hotuba.

Chukueni Vita vya Majimaji. Vilianza mwaka 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, wilaya ya Kilwa, vikaenea sehemu kubwa ya kusini. Aliyevitungia utenzi ni mtu wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini, na utenzi wake ulichapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka 1969 ikatoka Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein, naye ni mzaliwa wa pwani hii hii ya kusini. Vita vimoja, vimezaa utenzi na tamthiliya, na vyote viwili vina mkono wa mtu wa huku.

Sasa mwulize kijana aliyeisoma tamthiliya hiyo darasani. Atakutajia dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi, kwa mpangilio uleule alioukariri kwa ajili ya mtihani. Fani na maudhui anazo zote. Ukimwambia kwamba vita hivyo vilipiganwa kwenye ardhi ya mababu zake, na kwamba huenda bibi wa bibi yake alijificha porini siku zile, anakutazama kana kwamba umemletea habari za nchi nyingine. Kosa si lake. Kitabu kimemfikia kama somo, na somo hufungwa siku ya mtihani wa mwisho.

Tamasha la vitabu linafanya kazi ambayo darasa haliiwezi. Edinburgh kule Uskochi wamekuwa na tamasha lao la vitabu tangu 1983. Hargeisa wamefanya maonyesho yao ya vitabu tangu 2008, na huo wa Hargeisa ndio mfano ninaoupenda zaidi, maana Wasomali, kama sisi, ni watu ambao ushairi wao umeishi mdomoni kabla ya kuishi kwenye karatasi, na mji wao uliwahi kubomolewa kwa vita. Hawakungoja wawe na maduka ya vitabu kila mtaa. Walianza na walichonacho.

Ugumu wa siku za shule kwenye matamasha ya namna hii uko kwenye maandalizi. Shule inapelekewa kitabu miezi kadhaa kabla. Watoto wanakisoma, wanakijadili, wanaandika maswali yao. Siku yenyewe mwandishi anakuja kuulizwa. Na mtoto aliyekisoma kitabu huuliza maswali ambayo mtu mzima hana ujasiri nayo: kwa nini ulimwua yule mbuzi? Huyu mama mwishoni alikwenda wapi? Wewe ulikuwa unamwogopa baba yako? Pasipo kitabu kutangulia, mwandishi anabaki mgeni mwingine tu anayepigiwa makofi. Kwa hiyo bajeti ya tamasha la Mtwara ianze na vitabu vya kupeleka shuleni mapema, halafu ndiyo tuzungumzie turubai na spika.

Siku za familia ni jambo jingine, na hapo nina kisa cha kusimulia. Mwezi wa saba mwaka jana, Jumamosi moja, sisi walimu tulitandika mikeka chini ya mwembe Mikindani, tukamwaga juu yake vitabu vya hadithi tulivyovikusanya huku na kule. Watoto walikuja wengi, wengine wamebeba wadogo zao mgongoni. Alikuwepo mama anauza ming'oko kwenye beseni, na pakiti zake za chumvi na pilipili, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Ikafika saa tano hivi, bibi mmoja akaja kumtafuta mjukuu wake. Shikamoo bibi zikamiminika, tukamletea kiti. Akakikataa, akakaa mkekani.

“Kitendawili!” akasema.

“Tega!”

“Popoo mbili zavuka mto.”

Wakabuni: mitumbwi, bata, ndugu wawili. Bibi anatikisa kichwa tu. Wakashindwa. “Haya, nipeni mji.” Wakampa Masasi. Akakataa, Masasi kaishi sana, hana haja nayo. Wakampa Lindi, akakataa. Mtoto mmoja akapiga kelele, “Dodoma!” Akafikiri kidogo, akaikubali Dodoma, akaanza kuwaeleza alivyofika huko, alivyopokewa na alivyokula, watoto wanajipinda kwa kicheko, ndipo akawapa jibu: macho. Hakuna aliyewafundisha watoto wale kanuni za kitendawili siku hiyo, ila walizijua zote walipoondoka, pamoja na ile ya kwamba mji hautolewi ovyo na mtegaji ana haki ya kuukataa.

Halafu mjukuu wake, msichana wa darasa la tatu, akamsomea. Kilikuwa kitabu cha Sungura na Fisi, kurasa zimeunganishwa kwa selotepu, msichana anafuata mstari kwa kidole na kusimama kwenye maneno marefu. Alipofika kati, bibi akamkatiza: “Hapana, mjukuu wangu. Fisi hakuingia kwa mlango. Alitoboa ukuta.” Mtoto akageuza kitabu, akamwonyesha picha, fisi yuko mlangoni. Bibi akaitazama ile picha kwa makini sana, kisha akasema huyo aliyechora hakusimuliwa vizuri. Wakabishana. Mwisho wake bibi akasimulia yake yote, kutoka mwanzo, na watoto waliokuwa wamejiinamia kwenye vitabu vyao wakaviacha, wakasogea.

Bibi yule hakuwahi kwenda shule. Ila ukitaka kumwonyesha mtoto kwamba hadithi ina mtungaji, ina matoleo tofauti, na kwamba msomaji anaruhusiwa kubishana na kitabu, sijui mhadhiri ambaye angefanya vizuri kumshinda. Ninapofikiria tamasha la familia Mtwara, ninafikiria hilo: mtoto anayejua kusoma na mzee anayejua kusimulia, mkeka mmoja, kila mmoja ana cha kumpa mwenzake.

Hapo ndipo nina neno kuhusu shughuli zetu zinavyoendeshwa. Wote tunazijua. Watoto wanapangwa juani tangu saa mbili asubuhi, sare zimepigwa pasi. Mgeni rasmi anafika saa tano. Wanaimba, wanasoma ngonjera yenye jina la cheo chake katika kila beti ya tatu, anahutubia, picha zinapigwa, soda zinakwenda meza kuu, watoto wanarudi nyumbani na kiu. Ngonjera ni sanaa njema. Mathias Mnyampala aliifanya iwe jukwaa la watu kujibizana kwa hoja, na watoto wetu wana vipaji vyake hasa. Inauma kuona kipaji hicho kinatumika kumpamba mgeni mmoja kila mwaka. Kama kiongozi anakuja kwenye tamasha letu, na nataka aje, apewe kitabu, akae mkekani, awasomee watoto ukurasa mmoja kwa sauti. Kisha watoto wajibizane kwa ngonjera juu ya jambo lao wenyewe: choo cha shule, mtoto wa kike kuachishwa masomo, bei ya korosho. Kiongozi asikilize.

Watoto wataletewa hadithi zipi? Hapa kusini tumejaliwa. Mimi ningeanza na Tendaguru.

Tendaguru ni kilima kilichoko bara ya Lindi, upande wa kaskazini magharibi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua hapo mifupa ya wanyama wakubwa mno walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Mmoja wao amesimamishwa leo katika jumba la makumbusho Berlin, kimo chake kinapita mita 13, na hakuna kiunzi cha dinosaria kilichosimamishwa duniani kinachomzidi kimo. Majina ya wanasayansi wa Kijerumani yameandikwa kila mahali. Waliochimba, waliosafisha na waliobeba walikuwa watu wa huku, mamia kwa mamia. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, fundi ambaye Wajerumani wenyewe walimtegemea katika kuitambua na kuitoa mifupa ardhini. Tani zaidi ya 200 zilitoka kilimani hadi bandari ya Lindi kwa miguu, mifupa ikiwa vichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa. Na hao wapagazi walikuwa wametoka tu kwenye Majimaji na njaa iliyofuata.

Nimewasimulia watoto habari hii mara nyingi, na kila mara mkono wa kwanza kunyooshwa huuliza kitu kilekile: kwa nini hayuko Lindi? Swali hilo peke yake linatosha siku nzima ya tamasha. Watoto wa darasa la pili wachore mjusi huyo kwa chaki uwanjani, mita 13, wajilaze ndani ya mchoro waone wangapi wanaenea. Wa darasa la sita waandike barua ya mpagazi kwa mke wake. Wa sekondari wafanye mdahalo juu ya kurudishwa kwa mifupa, wapande jukwaani pande mbili, wajibu hoja. Na wasanii wa vitabu vya watoto walioko Tanzania, ambao ni wazuri, waalikwe waje kukaa na watoto wa Lindi, watoke na kitabu ambacho Boheti bin Amrani ndiye mhusika mkuu. Kitabu hicho nakitamani kuliko ukumbi wowote.

Suala la lugha lisiachwe pembeni. Mtoto wa Newala anaanza shule akiwa na Kimakonde kinywani, wa Masasi ana Kimakua au Kiyao, wa Nyangao ana Kimwera. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, nakipenda na ndicho kinachonilisha. Ila hadithi ya bibi iliyozaliwa kwa Kimakonde ina nyimbo katikati yake, na nyimbo hizo ukizihamisha hazikai. Tamasha liwe na kibanda cha hadithi za lugha za nyumbani, msimulizi kwa lugha yake, na kijana pembeni anayefasiri kwa Kiswahili ili wengine wafuate. Mtwara tumezoea jambo hili: tamasha la MaKuYa, lenye jina lililotokana na Makonde, Makua na Yao, limeshaonyesha kwamba watu watajaa kuangalia ngoma zao wenyewe. Watajaa pia kusikiliza hadithi zao.

Na ipo deni moja. Mwaka 1906 Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, alishuka Lindi akiwa na mashine ya kurekodi sauti, akapita Masasi hadi Newala akiwarekodi watu wakiimba. Sauti za mababu zetu zilinaswa kwenye mitungi ya nta ya mashine hiyo miaka mia moja na ushee iliyopita. Ningependa tamasha la Mtwara liandike barua rasmi kuziomba nakala, zichezwe Newala, pale Shimo la Mungu ambapo ukingo wa uwanda unakatika na bonde la Ruvuma linaonekana chini yote. Wazee wasikilize, waseme ni wimbo gani, wa unyago au wa kazi, na nani bado anaujua.

Lini? Watu wa kusini wanaijua kalenda yao. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, barabara za vijijini zinakuwa mtihani mpaka mwezi wa nne au wa tano. Oktoba korosho zinaanza kudondoka, minada inafunguliwa, kila mkono uko shambani na ghalani. Mwezi wa saba ndio wakati: ubaridi kidogo, mashamba hayajadai sana, na tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Kuna suala la jando na unyago, ambavyo navyo hufanyika wakati wa likizo, kwa hiyo walimu, makungwi na mangariba wakae pamoja wapange wiki zisigongane. Watu wakiheshimiana jambo hilo linapangika.

Wapi? Mjini, maktaba ya mkoa iwe kitovu, maana tunataka mtoto aijue njia ya maktaba tamasha likishakwisha. Boma la zamani la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, lifae kwa habari za historia. Uwanja wa Nangwanda Sijaona kwa ngonjera na michezo ya kuigiza. Mambo ya watoto wadogo yafanyike Shangani, upepo wa bahari upo. Lakini tamasha likiishia mjini, nitalihesabu ni la watoto wa mjini. Shule za Nanyamba, Tandahimba na Nachingwea haziwezi kukodi basi. Mwandishi mmoja kwenye gari, na boksi la vitabu, anafika shule mbili kwa siku. Ni rahisi kumsafirisha mwandishi kuliko kuwasafirisha wanafunzi mia nne.

Vitabu vyenyewe vinapatikana kwa taabu, hilo ni kweli. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, masika yalikuwa yanatukata na nchi nzima, na biashara ya vitabu ni ya kwanza kufa mahali ambapo lori halifiki. Lakini hata katika miaka hiyo mashine za uchapaji za wamisionari wa Ndanda zilikuwa zinafanya kazi, zinatoa vitabu vya Kiswahili kutoka katikati ya kusini hii inayosemwa haina kitu. Mkapa mwenyewe alizaliwa Ndanda mwaka 1938, akawa mhariri wa magazeti kabla ya siasa kumchukua, akaandika kumbukumbu zake. Vijana wa Ndanda waambiwe: mtu wa hapa aliishi kwa kalamu.

Kuhusu fedha, halmashauri zetu hukusanya ushuru wa korosho kila msimu, na vyama vya ushirika vina desturi ya kuchangia madarasa na madawati. Kitabu ni madawati pia, kinahitaji fungu. Naomba kiasi kidogo kiandikwe kwenye bajeti kwa jina lake, “vitabu vya hadithi vya watoto”, kisifichwe ndani ya “vifaa vya kufundishia”, maana huko kitamezwa na chaki na karatasi za mitihani. Na vitabu vyote vya tamasha vibaki shuleni, kwenye kabati lisilofungwa kwa kufuli. Nimeona makabati mengi ya vitabu vipya, safi kabisa, ambavyo hakuna mtoto aliyevigusa kwa kuogopwa kuchanika. Kitabu cha mtoto kikichanika kwa kusomwa kimefanya kazi yake, tutanunua kingine.

Tusingoje fedha ili tuanze. Kila shule inaweza kuandika sasa hivi majina ya wazee wa jirani wanaojua hadithi, vitendawili, nyimbo na habari za kijiji, pamoja na lugha wanayosimulia. Mwanafunzi mwenye simu nyumbani amrekodi babu yake. Chuo cha ualimu kinaweza kuwatoa wanachuo wakaandike kilichorekodiwa. Walimu wa Mikindani wameshaanza orodha yao, Sudi wameahidi. Nanyamba wamekubali, ila wameuliza usafiri wa wazee utakuwaje, na hilo ndilo tunalolitafutia jibu wiki hii.